Gari Nyekundu na Mikarafuu Kumi na Minne

Raya, mwanangu, salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Sasa hivi alasiri imepita, weye umekwenda Wete kuaga upande wa marehemu baba yako, na safari hiyo nnaijua: kila nyumba chai, kila nyumba dua, kila nyumba mtu wa kukushika mkono akulilie kama unakwenda vitani. Hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunga mlango, nimemwambia jirani kichwa kinaniuma, na nimekaa kwenye meza hii niliyosahihishia madaftari ya watoto wa watu miaka ishirini na sita. Leo nnasahihisha la kwangu.

Karatasi yako ipo hapa mbele yangu. Asubuhi umeiweka chini ya bakuli la sukari, ukasema, "Mama, tia saini ya ushahidi tu, mengine nimeshamaliza na sheha wa mtaa," tena ukatoka mbio kabla sijavaa miwani. Haya, nimeivaa. Nimeisoma mara tatu. Raya anauza mikarafuu kumi na minne aliyorithi kwa baba yake, kwa shilingi milioni sita, na mnunuzi atakabidhi fedha kesho asubuhi bandarini Mkoani kabla boti haijaondoka. Hizo milioni sita, ukizitia na tatu ulizojiwekea kwa miaka miwili ya kusimama duka la dawa pale Chake, ndiyo bei kamili ya ile gari uliyonionesha kwenye simu. Spoti ya milango miwili, kuukuu, ya buluu, inakungoja Dar es Salaam kwenye uwanja wa muuzaji.

Sikwandikii kukukataza. Nianze hapo ili usisome kwa moyo wa kupigana. Wala sitakwambia uvae nini huko Dar es Salaam, ule nini, usali wapi, ukae na nani. Hayo shangazi zako wameyasema tangu Jumatatu mpaka masikio yamekuota sugu. Mtu anayekwenda kupima damu za watu katika maabara ya hospitali kubwa anajua kunawa mikono bila ya mimi.

Nnalijua pia wanalolisema kuhusu gari. Mmoja aliniita pembeni juzi kwenye hitima yako ya safari, wali bado uko mdomoni. "Bi Mwalimu, mtoto wa kike kazi yake ya kwanza, gari yake ya kwanza, ati spoti! Si anunue kigari cha adabu? Au aweke dhahabu?" Nikamwambia dhahabu haikupeleki kazini. Akaniuliza nani atamwoa mwanamke mwenye gari ya namna ile. Nikamwambia atamwoa anayependa kupanda mbele. Akanikata jicho, na mimi nikamkata lake, tukamaliza wali wetu. Basi ujue nimesimama upande gani. Mwanamke akitaka gari ya kufikia sokoni, wanamwita mwenye akili. Akitaka gari kwa sababu anaipenda tu, ghafla kila mtu anakuwa shehe. Ng'o! Hilo nimelikataa tangu ujana wangu na sitalikubali uzeeni.

Lakini jana ulisema neno. Tulikuwa tunakunja khanga zako, ukasema, "Mama, Idi Kubwa naishusha Mkoani, naipeleka mpaka Tumbe, nasimama mlangoni kwa Mjomba Hamadi, napiga honi mpaka atoke. Aone." Ukacheka, na mimi nikacheka na weye. Kisha chakula kikanishinda. Uliniuliza mbona sili, nikasema samaki kazidi chumvi. Samaki hakuwa na kitu. Ndiyo maana leo nnaandika.

Unaikumbuka gari yetu. Ulikuwa na miaka minane, na unaikumbuka kwa namna mtoto anavyokumbuka, yaani wekundu wake, na harufu ya viti, na upepo. Mimi nnaikumbuka kwa namna nyengine. Baba yako alikuwa na mwaka mmoja na nusu kaburini. Eda nimeikaa, nimeimaliza, nimerudi skuli kufundisha hesabu, na kila mtu hapa Madungu ananisemesha kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Mwaka ule karafuu zilizaa, we! Mikarafuu yangu tisa, ile niliyorithi kwa baba yangu mzazi, ilizaa mpaka matawi yanainama, wachumaji wanaimba, majamvi yote ya mtaa yameanikwa karafuu zangu. Nilipouza nilishika fedha nilizokuwa sijawahi kuzishika. Na wiki ile ile kuna mtu karudi kutoka Uarabuni, kashusha gari Wete, kaona njia zetu zilivyo, kakata tamaa, anaiuza. Milioni nne na laki mbili.

Niliiona imeegeshwa karibu na soko. Nyekundu, fupi, imelala chini kama inataka kuruka. Raya, sijawahi kukwambia hili: niliipenda kwa sababu haikuwa na siti ya wageni. Watu wawili tu, mimi na weye. Tangu baba yako afe nyumba ilikuwa haimaliziki watu wa kunishauri, na mimi nikaona kitu ambacho washauri hawaingii. Nikalipa siku ile ile, fedha taslimu. Nikabakiwa na laki moja na elfu arubaini mkobani, na mimi mwalimu wa hesabu!

Kikao kilikaliwa usiku wa pili, hapa hapa ukumbini. Unakijua, kwa sababu nimekusimulia mara nyingi, na kila nikisimulia nilimweka Mjomba Hamadi katikati yake, anafoka. Sasa nikwambie kilivyokuwa. Waliofoka ni wengine. Walisema mjane na gari nyekundu, wakasema watoto wa skuli watanicheka, wakasema marehemu anaumia huko aliko. Mdogo wangu Hamadi alikaa karibu na mlango, ananuka samaki, katoka Tumbe moja kwa moja na pikapu yake. Alingoja mpaka wote walipomaliza. Kisha akasema, "Dada, miye sikukatazi. Gari nzuri. Nakuuliza moja tu. Matairi yake utayapata wapi?"

Basi hilo ndilo lililonichoma! Wale wa aibu niliwazoea, nilikuwa na majibu yao mfukoni. Swali la matairi sikuwa nalo jibu. Nikasimama nikamwambia atoke nyumbani kwangu na kanzu yake ya samaki. Akatoka. Alikuwa mtu mmoja tu katika watu kumi na moja aliyeniuliza jambo la maana, na ndiye niliyemfukuza.

Miezi mitatu ya mwanzo, wallahi, siitoi kwa dhahabu yoyote. Unakumbuka tulivyokwenda Wete Ijumaa, vioo chini, mtandio wangu umefungwa kwa pini tatu? Watoto wa skuli wanakimbia pembeni wanapiga kelele, "Bi Mwalimu! Bi Mwalimu tia moto!" Na mimi natia. Weye unapiga makofi kwenye dashibodi. Nilipofika nilicheka peke yangu ndani ya gari mpaka machozi. Wanawake wa makamo wakaja kuishika, wanaipapasa, mmoja ananinong'oneza, "Niweke na miye siku moja." Nikamweka. Nikawaweka sita, mmoja mmoja, kila Alkhamisi. Nnawajua mpaka leo, na hakuna hata mmoja aliyesema kuwa nilikosea. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba gari ya namna hii ni upuuzi. Furaha ni mahitaji kama mchele, ila mchele unajua kilo inauzwaje.

Na furaha nayo ina bei yake, ambayo mimi sikuiuliza. Sikiliza sasa, maana haya nimeyalipia. Bei waliyokwambia uwanjani ni ya kununua tu. Kuna ya pili, ya kuamka nayo kila siku, na hiyo haiandikwi kwenye kioo. Gari kuukuu ya kawaida ikiharibika, fundi anafungua kabati lake. Spoti kuukuu ikiharibika, fundi anakuna kichwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza spea. Nenda Dar es Salaam kwenye maduka yenyewe, na jina la gari na mwaka wake umeviandika, ulizia matairi ya kipimo kile, ulizia klachi, mkanda wa injini, rejeta, gia boksi. Ukiona wanakujibu palepale na bei, endelea kuipenda. Ukiona wanasema "tutaagiza", punguza mapenzi.

Na usiende kuitazama mchana ukiwa na furaha yako. Nenda asubuhi mapema, bila kutoa taarifa, na fundi uliyemchagua weye, usiye na udugu naye wala yeye na muuzaji. Tia mkono juu ya boneti kabla hawajaiwasha. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hujafika, na mtu haiamshi gari mapema kwa ajili ya mgeni ila ana la kuficha. Chukua kijisumaku, kifunge kitambaa, kipitishe chini ya milango. Kikigoma kushika, pale hapana bati, pana gundi na rangi. Yangu sumaku ilidondoka sehemu nne. Nilijua hayo mwaka mzima baada ya kuinunua, Fundi Kombo aliponionesha huku anaona haya kwa niaba yangu.

Hesabu yenyewe hii hapa, na ukiidharau utakuja kunilipia ada. Ukiwa na milioni tisa, gari yako si ya tisa. Ni ya tano. Nne zinabaki zilale, zinaingoja, kwa sababu itazitaka, na itazitaka wiki ambayo kodi ya chumba imefika. Na kabla hata ya hizo tano, fanya mchezo huu ambao laiti ningeufanya. Miezi sita ya mshahara wako, jifanye gari unayo. Kila mwisho wa mwezi weka kando ya petroli, ya bima, ya maegesho, ya oili, ya fundi, kama vile ipo nje inakusubiri. Weye panda mabasi yako na fedha hizo usiziguse. Ukimaliza miezi sita hukuzichokoa, gari unaiweza, tena matairi umeshayapata. Ukizichokoa mwezi wa pili kwa ajili ya doti ya khanga, basi umeokoka bila mtu kujua.

Mimi sikujifanya. Mwezi wa nne tairi la nyuma lilikwisha, na swali la Hamadi likanisimamia njiani kabla ya kufika Wete. Pemba nzima hakuna kipimo kile. Unguja hakuna. Yakaagizwa Dar es Salaam, manne, laki tano na nauli ya boti juu. Mshahara wa mwalimu unaujua. Nikafanya ambalo watu wetu hulifanya wakibanwa. Nilikwenda kwa mtu mmoja anayenunua karafuu zikiwa bado mtini, nikamuuzia mavuno yangu ya mwaka unaofuata, mikarafuu yote tisa, kabla hata ua halijachungulia. Kwa nusu ya bei. Na mtoto yeyote wa Pemba, Raya, hata yule asiyejua kusoma, anajua kuwa mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani unapumzika. Niliwafundisha wastani watoto wa watu kwa kutumia karafuu! Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu wa mwaka mkubwa. Mwaka mmoja mzuri niliufanya mshahara.

Kisha gia boksi. Unaikumbuka siku tuliyosukumwa na wavulana mpaka nyumbani? Fundi Kombo akalala chini yake, akatoka, akapangusa mikono polepole mno. "Bi Mwalimu, hii si ya kutengeneza. Hii ni ya kuagiza." Milioni moja na nusu. Mtu timamu yeyote angeiuza kama ilivyo. Lakini wale wa kikao walikuwa wanapita mbele ya baraza, wanaitazama imesimama, wanatabasamu. Nikaapa itatembea. Hapo sikuwa nnaitaka kwa furaha tena, nilikuwa nnaitaka kwa ajili ya sura zao. Shika hilo, maana nitalirudia.

Sasa hapa kalamu inakuwa nzito. Mavuno yangu nimeshayauza. Sina kitu. Kitu kilichobaki ndani ya nyumba hii ni mikarafuu kumi na minne ya binti wa miaka minane, mali ya yatima, na mlezi wake kwa karatasi ni mimi. Raya, niliiweka rahani. Nilikwenda kwa mtu yule yule, nikatia saini kwa mkono huu huu, milioni mbili, nizirudishe mavuno yakija, nisiporudisha, mikarafuu iwe yake. Nilitoka pale nikapita msikitini nikageuza uso.

Gia boksi ikaja kwenye boti, imefungwa vizuri, Fundi Kombo akaifungua, akaipima. Si yenyewe. Ya injini nyengine. Aliyeiuza kule simu haishiki. Na msimu ulipofika, mikarafuu ilipumzika. Yangu ilipumzika, yako ilipumzika, kisiwa kizima kilipumzika.

Mwenye rahani alikuja Jumamosi. Alikuwa mpole, sikumbuki hata kama alikaa. Akasema Jumatatu atakwenda kwa sheha kubadilisha jina. Nikaenda Tumbe mwenyewe, kwa mtu niliyemfukuza, na sikumsalimu hata vizuri. Nilimwambia yote pale dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, samaki wanateremshwa. Hamadi hakuniambia "nilikwambia." Ningemchukia kwa raha kama angesema. Aliniuliza, "Mikarafuu ya mtoto?" Nikasema ndiyo. Akamwita mtu aliyekuwa akiitaka pikapu yake, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameiuza. Fedha zikapungukia deni kwa laki mbili. Akasema hizo ataziziba kwa kuiuza gari yetu kama chuma.

Jumatatu asubuhi, ndiyo siku ile, Raya. Ile unayoisimulia. Alikuja na watu na kamba kuikokota, na weye ukasimama barazani na sare ya skuli, ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mjomba mwizi! Mjomba mwizi!" Hamadi akageuka, akanitazama mimi. Akangoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno, watu wote wanasikiliza, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Sikulisema. Akasema, "Mwingizeni mtoto ndani, jua kali," akaendelea kufunga kamba.

Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, kule dagoni. "Mtoto asijue kama mama yake kaweka rahani mali ya baba yake. Kabaki na weye tu." Kwa hiyo kunyamaza alinipa yeye. Lakini uongo sikupewa na mtu. Usiku ule uliniuliza, "Mbona Mjomba kachukua gari yetu?" na mimi nikasema, "Kwa sababu hapendi kuona mwanamke anaendesha." Neno moja. Nilidhani litalala na usingizi wako. Weye ukaamka nalo. Ukalipeleka skuli, ukaliandika insha darasa la sita, wakakupigia makofi, na mimi mama yako mwalimu nikaisoma insha hiyo na nikakurekebishia nukta.

Miaka minne mjomba wako alibeba samaki kwa baiskeli, matenga mawili nyuma, Tumbe mpaka Chake, mlima kwa mlima. Siku moja tulimpita, anasukuma, jasho linamtoka, na weye ukasema, "Mungu kamlipa." Nikakushika mkono nikakuvuta twende. Hilo, Raya, ndilo linaloniamsha. Gari sijutii. Sikiliza vizuri: sijutii gari, sijutii Ijumaa za Wete, sijutii wale wanawake sita wa Alkhamisi, na mtu akinitaka nitubu kwa hayo atangoja sana. Ninalolitubia ni kwamba nilimfanya mtu mwema awe mwovu wa hadithi yangu, ili mimi nibaki shujaa mbele ya mtoto. Na mtoto huyo sasa anataka kununua gari ampigie honi.

Ndiyo maana nilikwambia ushike lile la sura za watu. Unataka gari ya buluu, au unataka uso wa Mjomba Hamadi akitoka mlangoni? Ikiwa ni gari, inunue, na atakayekukataza mlete kwangu. Ikiwa ni uso wake, basi unalipia deni la uongo wangu kwa mikarafuu aliyoikomboa yeye. Mikarafuu ile ile, Raya. Kumi na minne. Aliiuza pikapu yake ili leo uwe na cha kuuza.

Utakasirika. Kasirika. Una haki, na sitakuomba upunguze. Unaweza kuniuliza kwa nini leo, kwa nini siku ya mwisho. Niliogopa. Nimewakatalia watu wazima kumi na moja ukumbini kwangu bila kutetemeka, na nikamwogopa msichana mmoja.

Karatasi yako nimeitia saini. Ipo ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Mikarafuu ni yako, si yangu, na mara moja nilishaitumia bila kukuuliza, sitaizuia bila kukuuliza. Mnunuzi atakuwepo Mkoani asubuhi. Mpe au ichane mbele yake, vyote viwili vimo mkononi mwako, na mimi sitauliza mpaka uniambie mwenyewe.

Nnakuomba jambo moja tu. Kesho alfajiri Mjomba Hamadi atakuja na pikapu yake hii mpya, ambayo si mpya, kukupeleka bandarini. Hajui kama nimekuandikia. Atafanya anavyofanya siku zote: atashuka, atakupokea mzigo, atakufungulia mlango wa mbele, ataupangusa na kitambaa. Na weye, tangu una miaka tisa, siku zote unasema, "Ahsante Mjomba," unapita, unapanda nyuma pamoja na matenga ya samaki. Naye hufunga mlango polepole.

Kesho panda mbele.

Mimi mama yako,
Bi Mwalimu wa gari nyekundu